Uliza Yaya: "Kozi inaanza saa mbili, miye bado niko Katuba natafuta bus"

Jambo Yaya. Niko na miaka 19, nilitoka Kasenga nikakuja kuanza ekonomi hapa Lubumbashi, L1, mwaka wa kwanza wa unive. Ninalala kwa mama mudogo ku Katuba. Kila siku naamka saa kumi, nachota maji, nafagia, navalisha watoto wa mama mudogo, halafu bus mpaka mjini, halafu bus ingine mpaka Kasapa ku unive, nikifika oditwari imejaa, ninasimama nyuma ku dirisha. Profesa anasema franse ya mbio, mikro inakatika, nikirudi nyumba kaye yangu iko na sentensi nusu nusu tu. Wenzangu wananiambia nikuje kuwa makizari, kulala bila ruhusa mu chumba yao ku home ya wanafunzi, tutakuwa watano mu chumba ya watu wawili lakini nitakuwa karibu. Tena wanasema mableu, ni kusema wanafunzi wapya, tutabatizwa, naogopa. Na mama mudogo anaambia majirani eti niko L1 kwa hiyo niko karibu kumaliza, miye nanyamaza tu. Nifanye je? Usiandike jina yangu. Bleu wa Kasenga.

Mudogo wangu, jambo. Nimesoma barua yako mara mbili na nimecheka kidogo kwa ile ya mama mudogo, basi tuanze na ile juu ni nyepesi. Yeye anakumbuka mambo ya zamani, mutu alikuwa anasoma graduat miaka tatu, G1, G2, G3, kiisha njo anaingia lisansi miaka mbili, kwa hiyo L1 kwake ni mutu amebakia kidogo avae toga. Sasa tuko mu LMD (lisansi, master, doktora), lisansi njo inaanza na inafanya miaka tatu, kila mwaka krediti 60, zote pamoja 180, nyuma ya pale master miaka mbili. Umuambie mapema na kwa upole, juu mwaka wa tatu akikuona ungali unaenda kozi atafikiri umeanguka, na pale majirani nao watakuwa na maneno yao.

Sasa shida yenyewe. Weye unafikiri shida yako ni franse. Miye naona shida yako ni asubui. Mutu ambaye amechota maji tangu saa kumi, amepanda bus mbili, amesimama ku dirisha, huyo hata profesa akifundisha na Kiswahili ya Kasenga hatasikia kitu. Kwa hiyo mbele ya kukimbia kwa mama mudogo, ongea naye kwanza. Lakini si mu jiko wakati anapuliza makala, hapana, ngoja watu wamekula bukari, vyombo vimeoshwa (na weye njo umeosha), ukuje na orere yako umeandika mukubwa ku karatasi: siku ya kwanza kozi saa mbili, siku ya pili saa sita, na kadhalika. Watu wazima wengi hawajue kwamba kozi ya unive haifanane na ile ya sekonderi, anakuona siku moja umetoka saa mbili, siku ingine saa tano, anafikiri unatembeatembea. Akiona karatasi, umuombe: siku za kozi ya asubui maji nichote magaribi, na siku ya posho (samdi) kufua yote ni ya miye. Usiombe kuachiwa kazi, omba kubadilisha saa. Na kama mama yako kule Kasenga anaweza kutuma samaki ya kukauka hata kidogo na mutu wa gari, ile karatasi itasomwa vizuri zaidi, nakuambia.

Umakizari sikatai kabisa, watu wengi wamesoma vile na wamemaliza. Lakini hesabu: ku Katuba unakula. Ku home utanunua makala, unga, sombe, mafuta, sabuni, na utalala chini katikati ya mabegi ya wenzako, na siku wenye chumba wakigombana weye njo wa kwanza kutoka. Uende pale wiki mbili za mitihani, sawa, umepeleka na unga yako. Mwaka muzima, miye nakuambia bado.

Franse sasa. Tafuta watu wawili tu mu promosyo yako, wale munasoma mwaka moja, watatu pamoja na weye, si rafiki wa kupiga picha, watu ambao siku haukukuja watakupigia simu. Anayelala karibu anakamatia wengine nafasi na kaye. Mu kozi mmoja anaandika maana ya maneno, mwingine mifano, mwingine yale profesa anaandika ku tablo. Kiisha kozi mukae chini ya muti dakika 30, kila mutu aelezee wenzake NA KISWAHILI ile amesikia. Ukishindwa kuisema na Kiswahili basi haukuielewa, ulikariri tu. Angalia "offre" (vitu vyenye kuuzishwa) na "demande" (vitu watu wanataka kununua), maneno ile inaogopesha mableu wa ekonomi kila mwaka, na weye mutoto wa Kasenga umeijua tangu uko mudogo: mvua inanyesha, barabara inaharibika, gari za samaki zinalala njiani, ku soko hapa samaki inakuwa kidogo na watu wa kula ni wale wale, bei inapanda. Barabara ikikauka gari zinaingia zote siku moja, bei inashuka na mama muuzaji analia. Uandike ile na Kiswahili ku ukurasa wa mwisho wa kaye, halafu utafute maneno ya franse ya kuivalisha. Na ukuwe unasoma silabusi (kitabu ya kozi) kurasa mbili tatu usiku mbele ya kozi, maneno profesa atasema kesho utakuwa umekutana nayo tayari. Ile haukuelewa bado, umuulize asistenti wakati wa TP (mazoezi ya kozi), pale watu si wengi.

Tena uulize bila haya. Miye wiki yangu ya kwanza niliingia oditwari isiyo yangu, nikakaa masaa mawili mu kozi ya jeoloji na nilikuwa nimejiandikisha sheria, nikaona haya kutoka, nikaandika noti zote, hata mwamba nilichora. Ningeuliza tu CP, mwanafunzi mwenye kuongoza promosyo, kazi yake njo ile. Uingie mu grupu ya WhatsApp ya promosyo leo leo, saa ya kozi ikibadilika inatangazwa pale.

Kubatizwa: nyimbo, kuchekwa, kuitwa bleu, ile inapita. Mutu akitaka pesa yako, akikuwekea mukono, ao akikuita mu chumba usiku, usiende, na umuambie CP siku ile ile. Minervali (pesa ya masomo) ulipe ku banki weye mwenyewe, bordero (karatasi banki inakupa) upige fotokopi tatu, moja ibakie kwa mama mudogo.

—

Yaya, miye ni papa wa Likasi. Kijana wangu anasoma hapo Lubumbashi, kila wiki anaomba pesa ya silabusi. Silabusi ni ngapi? Anachoma nazo moto?

Papa, heshima kwako. Semesta moja inakuwa na kozi mingi, kwa hiyo silabusi mingi inaweza kuwa kweli, na kuna fotokopi, kuna mega za simu, kuna transport, ambayo watoto wanaogopa kuomba kwa jina lake basi wanaiita yote silabusi. Muombe akutumie picha ya liste ya kozi za semesta, weye uandike ku kaye, kila akiomba muulize ya kozi gani na umuambie atume picha ya ukurasa wa kwanza. Transport na chakula umupangie pesa yake mbali, kila mwezi, asilazimike kudanganya. Na kama silabusi ya hisabati inarudi mara ya tatu, papa, pale una haki ya kupanda gari ukuje.