Maswali na majibu: lifti ya boti ya kujitengenezea, ya mapipa na upepo (hewa ya kusukumwa kwa pampu)

Maswali ya lifti ya boti yamekuja mengi kweli, na naelewa kwa nini, maana boti ya faiba ikilala majini mwaka mzima chini inaota utelezi wa kijani, inakuwa nzito, injini inakula petroli bure, na usiku upepo ukivuma inagongwa gongwa na gati mpaka ubavu unapasuka. Ukiipandisha juu ya maji kwa lifti hayo yote yanapungua. Nimechagua maswali yanayojirudia, twende.

Kutoka Nansio, Ukerewe: Hivi kweli upepo tu unaweza kunyanyua boti na injini yake?

Unaweza kabisa. Chukua kikombe, kipindue, kizamishe kwenye beseni, utaona maji hayaingii na mkono unasukumwa juu. Lifti ni hiyo hiyo. Mapipa yanazibwa juu, yanatobolewa matundu chini, yanafungwa kwenye fremu ya chuma iliyopita chini ya boti. Yakijaa maji fremu inazama, unaingiza boti juu yake taratibu, alafu unasukuma upepo kwa juu ya mapipa, maji yanafukuzwa yatokee chini, mapipa yanataka kuelea na yanapanda na kila kitu. Ukitaka kushuka unafungua koki ya juu tu, upepo unatoka, maji yanarudi. Kila lita ya maji uliyoifukuza inakubebea kilo moja.

Ila kumbuka kinachobeba pale ni upepo uliokamatwa, ukipata njia ya kutokea juu basi. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kukumbushwa hili, meli ya MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996 ilibaki inaelea kwa muda, chini juu, kwa upepo uliokuwa umebaki ndani, na ilipotobolewa ili watu waokolewe upepo ukatoka ikazama. Kwa hiyo nikisema sehemu ya juu ya pipa isivuje hata kidogo, namaanisha.

Mapipa mangapi kwa boti ya mita sita yenye injini ya nguvu farasi 40?

Piga hesabu ya uzito wote, sio boti peke yake. Tuseme boti kilo 500, injini kilo 80 mpaka 100, petroli, betri, nanga na nyavu nyingine kama 100, na fremu yenyewe 200. Hapo uko kama kilo 900. Ongeza nusu yake kama akiba, inakuwa 1,350. Pipa la lita 200 usilihesabie 200, hesabu 180, maana upepo haujazi mpaka mwisho. Mapipa manane yanakupa 1,440, manne kila upande. Usipunguze ile akiba, wengi wanaipunguza kuokoa hela ya mapipa mawili, alafu boti inaishia nusu majini nusu nje.

Nina kompresa ya gereji, nikiunganisha moja kwa moja si nitalipasua pipa?

Swali zuri sana. Pipa ambalo halina tundu chini utalipasua, na pipa likipasuka karibu na mtu ni hatari kubwa. Kompresa ya gereji inajaza tangi lake mpaka zaidi ya psi 100 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), wakati wewe unahitaji kidogo mno: kila mita moja ya kina inataka kama psi 1.4. Matundu ya chini ya pipa yakiwa mita moja na nusu chini ya maji, psi 2 na kidogo zinatosha, tairi la gari tu linataka kama 30. Ndio maana nasisitiza matundu ya chini yawe makubwa, kipenyo cha sentimita 5 au zaidi, yawe mawili au matatu, na yasizibwe kamwe, hata mtu akikwambia ukiziba upepo hautavuja. Yakiwa wazi upepo ukizidi unatoka kwa mapovu na pipa haliwezi kupasuka. Kompresa weka regyuleta, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo, fungua kidogo kidogo.

Kuhusu zile feni za kujazia majumba ya kurukia watoto, hazifai, zina upepo mwingi lakini hauna nguvu ya kusukuma maji ya mita nzima. Mashine ya kufyonza vumbi upande unaotoa upepo inajitahidi kwenye maji mafupi, lakini mota yake inapozwa na upepo unaopita ndani, sasa ukiubana inachemka na kuungua. Na umeme wa nyumbani hapo gatini lazima uwe na swichi ile inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya 30 mA, bila hiyo tumia pampu ya betri ya volti 12, itachelewa lakini mtu hatakufa.

Nilijaribu na mwenzangu, upande mmoja ukapanda kwanza, boti ikateleza karibu ipinduke. Tatizo nini?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kunyanyua ni rahisi, kunyanyua bila kulala upande ndiyo shughuli, na ningependa kila anayetaka kujenga atumie muda wake mwingi hapa.

Nina uhakika mapipa yako yote yameungwa kwenye mpira mmoja wa upepo. Sasa angalia kinachotokea: upande wa kulia ukishuka kidogo tu, maji ya pale yanakuwa na kina kirefu zaidi, yanabana upepo zaidi, upepo unakimbilia upande wa kushoto ambako umebanwa kidogo, kushoto kunapanda zaidi, kulia kunazama zaidi, na hakuna kinachokuja kuizuia. Na pampu ikiwa wazi pande zote, upepo mpya nao unapenda kwenda upande ulio juu kwa sababu hiyo hiyo.

Dawa yake ni kugawa. Mapipa manane yawe makundi manne, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, kila kundi na mpira wake, koki yake, na vali ya njia moja ili upepo usirudi. Unajaza kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, ukianza na nyuma maana injini iko huko. Pia funga fremu isiweze kulala hata ikitaka: nguzo nne za paipu zimefungwa kwenye gati, na kwenye fremu unachomelea vipande vya paipu pana kidogo vinavyoteleza juu ya zile nguzo. Viwe virefu, sentimita 40 kwenda juu, vikiwa vifupi vinang'ang'ania na fremu inakwama katikati. Gati la umbo la U ndilo zuri zaidi, boti inaingia katikati na pande zote mbili zimeshikwa.

Ikishapanda naweza kuingia chini nipake rangi?

Hapana, hapana. Tundu dogo kwenye mpira na boti inashuka juu yako. Toboa nguzo, ikifika juu pitisha pini za chuma nene ili uzito ukae kwenye nguzo, na hilo gati liwe na uwezo wa kuubeba uzito huo. Pini ziwepo kila usiku, sio siku ya rangi tu. Na hata zikiwepo, kazi ya rangi peleka boti nchi kavu.

Fremu ya mbao je, chuma ni ghali.

Mbao inaelea, fremu haitazama, utaanza kuifunga mawe. Skwea paipu, kila mwisho uzibwe, upigwe praima na rangi, inatosha kwa maji ya ziwa yasiyo na chumvi.

Musoma: Nisimike nguzo kwenye tope au gati lielee?

Lielee. Kuanzia mwishoni mwa 2019 mpaka Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja, likavunja rekodi ya 1964, na magati mengi ya kusimikwa yakaingia chini ya maji. Gati la kuelea linapanda na ziwa na lifti yako inapanda nalo, hesabu zako hazibadiliki. Kwa maji unahitaji kina cha mita moja na nusu hivi kipindi ziwa limeshuka, ukiweka mapipa ubavuni badala ya chini ya boti kina kinapungua ila upana unaongezeka. Na kabla hujanunua chuma nenda ofisi ya mazingira ya halmashauri na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inabana shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kubomolewa inauma zaidi kuliko kusubiri kibali.

Bagamoyo: Na sisi wa bahari?

Ndugu yangu, kwa Bagamoyo sikushauri. Maji ya bamvua pwani yetu, kujaa na kupwa, yanapishana mpaka karibu mita 4, na pale maji yakitoka yanakwenda mbali, lifti italala kwenye mchanga na matundu yatajaa mchanga. Mwenye gati la kuelea kwenye mkono wa bahari wenye kina, kama pale Mombasa, anaweza, lakini achovye chuma zinki, atumie bolti za chuma cha pua, na akwangue magamba kwenye matundu mara kwa mara.

Ndugu yetu wa Minnesota: Huku ziwa linaganda.

Itoe yote kabla ya barafu, pamoja na gati. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, yanapasua koki na mapipa, na barafu ikianza kusukuma inapinda nguzo. Ndio maana majirani zako hapo wanatoa magati yao kila msimu wa majani kuanguka.

Kisumu: Mapipa nitoe wapi, na kuna la kuangalia?

Tafuta yaliyobeba mafuta ya kula au juisi, ya plastiki ngumu yenye vizibo viwili. Yaliyobeba dawa za mashamba acha hata ukipewa bure, matundu yapo wazi na ziwa hilo watu wanakunywa. Laza pipa, kizibo kimoja kikae juu kabisa, hapo ndipo unafunga koki kwa tepu nyeupe ya mabomba. Jaribu kila pipa kwa povu la sabuni kabla hujalifunga. Na kazi nyingi iwezekanavyo ifanyike nchi kavu, maana maji ya ukingoni yenye majani yana konokono wa kichocho, ukishinda humo wiki nzima pita zahanati upimwe, dawa zipo.