Kanuni za kugawana mafaili kundini: yaliyotukuta sisi

Mkuu, umeuliza kama kundi lenu la wapenzi wa kompyuta lipige marufuku mafaili yote au liruhusu kila kitu, maana mmeshaanza kutoleana maneno makali. Sisi tulipita hapo hapo, na baadhi ya watu wetu wazuri waliondoka.

Kilichotufikisha pabaya ni aktiveta, yaani programu ya kuvunjia leseni ya Windows. Kijana mmoja alipandisha faili la zipu lenye nywila, na maelekezo: zima antivirasi kwanza. Nililichukua mimi mwenyewe, nikaliendesha kwenye kompyuta ya dada mmoja mwenye stationari. Jioni akanipigia analia. Kila faili limebandikwa herufi nne mwishoni, mitihani ya shule aliyokuwa akiichapa haifunguki, na ndani ya kila folda kuna _readme.txt inayodai dola 980, au 490 ukiwatafuta ndani ya saa 72. Ilikuwa STOP/Djvu, virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, ambayo husambaa sana kupitia hizo hizo programu za kuvunjia leseni. Emsisoft, kampuni ya antivirasi, walishatoa zana ya bure ya kufungulia mwaka 2019, nikaikimbilia. Wapi. Mashine ilikuwa na intaneti wakati inaambukizwa, kwa hiyo ufunguo ulitoka kwenye seva ya wahalifu, na kila mashine hupewa wa kwake. Siku mbili nzima tulikaa tukichapa upya mitihani kutoka kwenye nakala za karatasi, yeye ananisomea, mimi nachapa. Tangu hapo aktiveta kwetu ni marufuku, na hilo sitalilegezea kamwe.

Ila wenye hasira walitaka marufuku ya kila faili. Hapo nilikataa. Fundi wa bando la kuhesabu hawezi kushusha zaidi ya GB 5 kila anapotaka kupiga Windows. ISO yenyewe, yaani faili la kupigia Windows, Microsoft wanaitoa bure kwenye tovuti yao. Kinachouzwa ni leseni. Basi ISO ikaruhusiwa, sharti mpokeaji apige amri ya Windows, certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu alinganishe SHA-256 (alama ya kipekee ya faili) na ile iliyoandikwa na Microsoft. Herufi na tarakimu 64. Moja ikitofautiana, faili linafutwa, hata kama aliyelileta ni mkongwe wa kundi.

Ugomvi mzito zaidi ulikuwa wa BIOS, ile programu ya kuwashia mashine inayokaa kwenye chipu. Unasoma chipu ya miguu minane kwa CH341A, kifaa cha kusomea na kuandikia chipu, unapata faili zima, unalitupia kundini ili mwenzako afufue laptopu ya aina ile ile. Wakongwe walisema bila mafaili haya mashine zinakwenda jalalani, na ni kweli kabisa. Lakini humo ndani mna namba ya utambulisho (serial number) ya mashine ya mteja, na kwa laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuendelea, mara nyingi mna na ufunguo wake wa Windows. Huyo mteja alikuletea laptopu itengenezwe, hakukupa ruhusa ya kumwanika. Tulikubaliana faili lisafishwe kwanza, au mtu aanze na lile la kiwanda. Wawili walikataa, wakaenda kuanzisha kundi lao.

Tunachobishania hadi leo ni dereva (programu za kuendeshea) za printa za zamani ambazo viwanda vimeshaziondoa mtandaoni. Kwa sasa anayepandisha anaandika alizipata wapi, lini, na amezijaribu kwenye mashine gani.