Jibu: Najua kushona tu, nitamtumikiaje Mungu?

Dada yangu, umesema kuimba kwaya huwezi, kuhubiri huwezi, unachojua ni cherehani. Mbona hicho ni kikubwa!

Soma Matendo 9. Dorkasi wa Yafa hatusikii popote kwamba alihubiri. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Naye Bezaleli, fundi wa hema la ibada la Waisraeli, katika Kutoka 31, alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono: dhahabu, mawe, mbao.

Anzia hapo mtaani kwako. Shule zikikaribia kufunguliwa, utaona sare zimechanika makwapani, zipu za sketi zimekufa, suruali zimekuwa fupi na pindo la kushusha bado lipo. Tangaza kanisani kwamba Jumamosi fulani utazirekebisha bure. Mwenye uwezo alete uzi na zipu. Kazi za kulipwa usiziache, maana nyumbani kwako nako wanakula.

Na kama kuna binti jirani amekaa tu nyumbani, mkalishe pembeni yako. Aanze na vitambaa chakavu, ajifunze kushona mstari ulionyooka, kisha kupima na kukata. Bezaleli pia alitiwa moyo wa kufundisha wengine (Kutoka 35:34).