Usikae na Wapemba wenzako

Wiki iliyopita jirani yetu hapa Wete alinijia jioni na bintiye. Binti kapata nafasi chuoni Unguja, kozi ya usindikaji wa vyakula, ile ile niliyosoma mie, na mama yake alitaka nimpe mawaidha. Nadhani alitaraji nimzungumzie habari za vitabu, dakhalia na namna ya kujihifadhi mjini. Mie nikaanza na neno lililomfanya mama anitazame kwa jicho la upande: siku ya kwanza darasani, usikae na Wapemba wenzako.

Nilikuwa na sababu. Nilipoingia darasa lile, nilichagua wa kukaa nao kabla sijashusha mkoba begani. Tulikuwa wasichana watatu wa Pemba, wote tumemaliza kidato cha sita, wote sayansi, wawili tumetoka skuli moja. Tukajibana benchi la mbele. Nyuma yetu walikaa wale walioingia kwa uzoefu wa kazi: mama mtu mzima wa Paje anayelima mwani, mgema wa tembo la mnazi kutoka Kengeja, kijana wa Rombo, ambaye sote tulimwita Mangi, aliyekuja Nungwi kutafuta kazi ya hoteli, ustadhi anayesomesha chuoni Jang'ombe, nasema chuo cha Kurani, na mpishi mstaafu wa hoteli, ambaye kila akiona sufuria za maabara hutikisa kichwa kama aliyepewa habari ya msiba. Niliwatazama nikasema moyoni, hawa tutawabeba.

Muhula wa pili tukaingia kwenye uchachushaji. Kitabu chetu kilitungwa kwa watu wa Ulaya, na sura nzima imejengwa juu ya bia. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, maji ya moto ya nyuzi 62 mpaka 72 ili wanga ugeuke sukari, hopsi za kutia uchungu, kisha hamira. Sasa hebu fikiria darasa la Zanzibar, ustadhi yuko benchi la tatu, na mwalimu anachora pipa la bia ubaoni! Wapo waliocheka, wapo waliofunga madaftari. Mwalimu, Mungu amzidishie afya, hakuhangaika. Akasema hamira ya kwenye kitabu ndiyo inayoumua boflo mnalolila asubuhi. Inakula sukari, inatoa gesi na spiriti. Gesi inavimbisha unga, spiriti inaruka na moto wa tanuri. Kisha akauliza: nani hapa amewahi kukiona kimea kwa macho yake?

Sie wa mbele, tuliokariri ukurasa mzima, tuliinamisha vichwa. Mangi akanyosha mkono.

Kwao kimea ni kazi ya bibi. Mbege, pombe ya Wachaga, hupikwa kwa ndizi mbivu na uji wa ulezi ulioota, na magome ya msesewe ndiyo hutia ule uchungu. Mwalimu akamwambia pombe tuiache huko huko Kilimanjaro, ila kimea tuoneshe. Basi akaroweka ulezi kwenye ndoo, akauchuja, akautandaza na kuufunika kwa majani ya mgomba. Siku ya tatu ulikuwa umeota vimizizi vyeupe kama ndevu za mtoto wa kiume anayejitazamia ukubwa. Akauanika, akausaga.

Siku ya vitendo tulipika uji wa mahindi mzito hata mwiko ukasimama wenyewe. Nikachukua kijiko kutaka kutia kimea, Mangi akanishika mkono. "Ngoja, ukikitia sasa unakiua." Akawa anagusa pembeni mwa sufuria kwa kidole, anangoja, anagusa tena. Aliposema tayari nikachovya kipimajoto: nyuzi 52. Akatia vijiko viwili, akakoroga. Hazikupita dakika tano, uji ule ule uliosimamisha mwiko ukawa unamiminika kama maziwa, na hatukutia hata tone la maji. Amilesi, kile kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, nilikuwa nimeisoma miaka miwili skuli, nikaijibu kwenye mtihani na nikapata vema zangu. Sikujua kuwa ni kitu unachoweza kusimama ukakitazama kikifanya kazi. Mama wa Paje aliuliza swali ambalo hakuna katika sie aliyelifikiria: kwa hivyo mtoto mdogo anaweza kunywa unga mwingi ndani ya kikombe kile kile? Mwalimu akasema naam, ndiyo maana uji wa mtoto anayeachishwa ziwa hutiwa kimea.

Ningekuwa na akili ningejifunza siku ile. Bado.

Mwalimu alipochanganya makundi kwa ajili ya maonesho ya chuo, nilipangwa na Mangi, mama wa Paje na mgema, na nikajipa uongozi. Bidhaa yetu ilikuwa juisi ya mabungo. Nilipima utamu kwa refraktomita, nikapima ukali, nikaandika kila kitu kwa wino wa rangi mbili. Ila kwenye kuchemsha nilileta ujuaji. Kitabu kinataka juisi ifike nyuzi 85 na ikae hapo dakika kadhaa ili hamira iliyokuja na tunda ife. Mie nikaona moto mwingi utaua harufu ya mabungo, na mabungo bila harufu ni nini? Nikaipasha mpaka ikaanza kutoa mvuke, nikaiteremsha, nikaitia kwenye chupa za kioo ishirini na nne, nikazibana vifuniko kwa nguvu zangu zote.

Mgema alikuwa amekaa juu ya kreti ananitazama. Huyu ni mtu aliyekuwa akipanda minazi na kotama kiunoni tangu mie sijazaliwa. Akaniuliza, taratibu kabisa, "Mwanangu, ulivyoibana hivyo, itapumulia wapi?"

Nikamjibu, "Ami, hii si tembo. Hii ni juisi."

Akanyamaza.

Usiku wa tatu mlinzi alisikia miripuko stoo akadhani wezi. Asubuhi tulikuta chupa nane hazipo. Au tuseme zipo, ila ukutani: michirizi ya manjano mpaka darini, na vigae vya kioo vimejichomeka kwenye magunia ya unga. Alhamdulillahi hakuwepo mtu mle ndani. Mgema ndiye aliyekuja na ufagio. Alifagia wee, kisha akaniambia neno ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya: "Nilidhani nyie mna dawa yake."

Yaani yule bwana alikuwa anajua. Tembo tamu likigemwa alfajiri, adhuhuri limeshaanza kuchachuka, na hakuna mgema anayeliziba likakosa pumzi. Alijua, lakini aliona msichana mwenye refraktomita, akadhani kuna kitu mimi najua yeye hajui. Kwa hiyo akauliza mara moja, kwa adabu, na alipojibiwa kwa kiburi akaniachia. Tangu siku ile, mtu mzima akiniuliza swali kazini, huweka chini nilichoshika. Watu wa makamo hawakwambii "unakosea" mbele za watu. Wanauliza.

Lakini sitaki binti wa jirani aende akidhani kila mwenye mvi ana hekima. Yule mpishi mstaafu alikuwa mtihani. Kipimajoto hakutaka hata kukiona. Siku ya mtindi mwalimu alisema maziwa yashuke mpaka nyuzi 43 ndipo tutie chachu. Yeye akatia kidole, akatangaza yako tayari, akamimina. Kesho yake tulikuwa na maziwa yale yale, mabichi ya chachu, vijidudu vya mtindi vyote vimekufa kwa joto. Kidole cha Mangi kilikuwa kimefundishwa na bibi kwenye kimea. Kidole cha mpishi kilikuwa kimefundishwa na mchuzi. Kwa hiyo sikiliza, halafu pima.

Halafu yako mambo ya dini, na hapa nasema na wote, wa Pemba na wa bara. Tulipofika kwenye siki, tukitumia maji ya maganda ya nanasi, ustadhi alisimama. Maji haya, akasema, hayafiki kwenye siki bila ya kupita kwenye kileo. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kileo kikigeuka siki chenyewe ni halali na ni safi, ila ukikitilia kitu ili kigeuke, hapo pana maneno. Na akatukumbusha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba siki ni kitoweo kizuri, tusije tukadhani anaikataza. Baadhi yetu tuliona anatupotezea muda. Mwalimu hakuona hivyo. Aliweka mitungi miwili: mmoja ukatiliwa siki changa ya kuanzia, wa pili ukafunikwa kitambaa tu, kwa sababu vijidudu vya siki vinataka hewa, ukaachwa. Wa ustadhi ulichelewa, na kila baada ya swala ya adhuhuri alikuwa akipita kuunusa kama mtu anayemtazama mgonjwa. Mwisho yote miwili ilipita asilimia 4 ya ukali tulipoipima. Mangi akaonja akasema hasikii tofauti. Ustadhi akamwambia, "Tofauti haiko mdomoni."

Wakawa marafiki, wale wawili. Ramadhani ilipotukuta katikati ya vitendo, kazi ya kuonja darasa zima ilikuwa ya Mangi na wenzake wawili wasiofunga, na ustadhi akiwaandikia majibu. Ushauri mdogo: kama ratiba yenu inaangukia mwezi mtukufu, lizungumzeni hilo mapema, msingoje mpaka kijiko kiko mkononi.

Kuhusu Kiingereza, kwa sababu mitihani ni kwa Kiingereza: mama wa Paje alikuwa akikwama kila karatasi, na mie nilikuwa nikimfafanulia kwa Kiswahili usiku dakhalia. Nilidhani natoa sadaka. Ilipofika mtihani nikaona kuwa maswali niliyomfafanulia ndiyo pekee niliyoyajibu bila ya kusita. Naye alinilipa kwa njia yake: kila tulichokianika akikifinya kiganjani na kusema kimekauka au bado, na mashine ya chuo ilikuwa ikikubaliana naye mara nyingi kiasi cha kunitia wivu. Umri wote kaukausha mwani.

Fedha za michango ya kundi mpeni mwenzenu mwenye duka, kama yupo. Wanafunzi wa skuli hatujui kutunza fedha.

Binti alinisikiliza, kisha akaniuliza swali la maana kabisa: "Sasa nikikaa na watu wazima hao, nizungumze nao nini?" Nikamwambia, uliza kwao wanachachusha nini. Kila kwao kuna kitu, mtindi, togwa, siki, achari, unga wa mikate.

Hapo mama yake, aliyekuwa kimya tangu ile habari ya Wapemba, akasema bibi yake kule Konde hakuwahi kununua hamira ya mkate wa kumimina. Kila akipika alibakisha upawa mmoja wa unga wa jana, akautia kwenye wa leo. Nikamuuliza, akiuacha muda gani? Akasema, "Mpaka unukie." Unukie vipi? Akafikiri, akacheka, akaanza kunieleza.

Binti alikuwa anachezea simu. Nikampa peni.