Alama za Wi-Fi zimejaa lakini netiweki inakatika jioni: anza na jikoni

Ndugu wa Tudor, Mombasa, umesema programu ya simu ya kukagua Wi-Fi haionyeshi jirani yeyote kwenye chaneli yako (kipande cha masafa ambacho rauta yako hutumia), na bado kila jioni unakatikiwa. Programu hizo huona rauta tu. Maikrowevu, kamera ya geti isiyo na waya na spika ya Bluetooth hutumia masafa hayohayo ya 2.4 GHz lakini hazitangazi jina, basi orodha itakuwa safi hata hewa ikichafuka.

Kuna watakaokwambia ni rada za meli pale Kilindini. Waache. Hizo hutumia karibu 3 GHz na 9 GHz.

Mimi kazi yangu ni kufunga netiweki hapa mjini, na sigusi mipangilio kabla ya kuchomeka laptopu kwa waya kwenye rauta saa ileile ya shida. Ikikatika hata kwa waya, msumbue anayekuuzia intaneti. Waya ukiwa sawa, chomoa, rudi kwenye Wi-Fi, piga pingi (amri ya kompyuta inayotuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi) kwa anwani ya rauta yenyewe (si ya nje), kisha zunguka chumba hadi chumba. Usitazame alama, tazama muda wa majibu. Ukiruka kutoka milisekunde chache hadi mamia, umemkaribia mchawi.

Halafu sikiliza mwendo wake. Kuna mkahawa Bondeni uliokuwa ukilia kila wakati wa futari: dakika mbili hakuna kitu, kisha shwari. Ilikuwa maikrowevu ya kupasha sambusa, ukutani nyuma ya rauta. Maikrowevu hutoa mawimbi karibu na 2450 MHz, kwa hiyo chaneli 6 na 11 huumia kuliko 1. Kamera ya geti ya analogi, ile inayorusha picha bila kupitia Wi-Fi, haipumziki, inakalia sehemu yake mchana na usiku. Bluetooth hurukaruka, madhara yake ni madogo. Na diski ya USB 3 iliyobandikwa ubavuni mwa rauta nayo hupiga kelele za redio humo humo, isogeze.

Kwako, kwa kuwa ni jioni tu, ningezima vyombo vya jikoni kimoja kimoja pingi ikiendelea. Ikibaki vilevile, bisha hodi kwa jirani mnayegawana ukuta.

Kuhamisha Wi-Fi yako kwenda masafa ya 5 GHz kunakwepa yote hayo, ila kuta nene zitakubania. Kule Mji wa Kale, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, mimi huvuta waya na kuweka rauta ya pili chumba cha ndani.