Si kila muwasho ni fangasi: majibu kwa waliokoma hedhi

*Mama yangu ana miaka 68. Mwaka mzima anawashwa sehemu za siri, na kila kliniki inampa dawa ya fangasi. Sasa pamekuwa peupe. (Binti, Busia)*

Dada, hizo dawa za fangasi zimetosha. Mwanamke aliyekoma hedhi, kama hana kisukari, hapati fangasi kirahisi. Ngozi nyeupe, nyembamba, yenye mikunjo, mara nyingi ni likeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu. Si saratani, na krimu kali ya klobetasoli huituliza, ila kwa wachache, kama 5 au pungufu kati ya 100, saratani ya mashavu ya uke huanzia hapo. Kwa hiyo mama apande kitandani, taa iwashwe, aangaliwe. Wengi huandikiwa dawa bila kuchunguliwa hata mara moja, jambo linaloniudhi sana. Pakiwa na kidonda kisichopona, uvimbe au ngozi iliyokakamaa, akatwe kipande kidogo cha nyama: sindano ya ganzi, dakika chache, kisha kichupa cha fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) kwenda maabara ya patholojia, wanakopima nyama kwa hadubini. Usiondoke bila kujua nani anakipeleka na majibu yatatoka lini.

*Hedhi ilikoma miaka 10 iliyopita. Juzi nimeona damu. Nilipimwa kwa siki nikaambiwa niko salama. (Mama, Arua)*

Kipimo cha siki huangalia mlango wa kizazi tu, na ukishakoma hedhi sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani. Kwa umri wako kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, kinafaa zaidi. Lakini damu hiyo inahitaji ultrasaundi ya kupitia ukeni: utando wa ndani ya kizazi ukizidi milimita 4, uchukuliwe sampuli. Damu ikirudi, sampuli ichukuliwe hata kama utando ni mwembamba, maana zipo saratani adimu zisizounenepesha. Wanawake kama 9 kati ya 10 wenye dalili yako hawana saratani. Nenda wiki hii hata hivyo.

*Bibi ana miaka 79, amekutwa na saratani ya mashavu ya uke. Wajomba wanasema ni mzee mno kupasuliwa. (Mjukuu, Tororo)*

Wajomba wamemuuliza mwenyewe? Daktari wa upasuaji hutazama moyo, figo, na kama bibi bado anajipikia na kutembea, kabla ya kutazama mwaka wa kuzaliwa. Uvimbe usiozidi sentimita 2, uliozama milimita 1 au chini, huondolewa wenyewe tu. Ukizama zaidi, tezi za kinena nazo huchunguzwa. Asipoweza kupasuliwa kuna mionzi, pengine pamoja na sisplatini, dawa ya saratani, ikiwa figo zinaruhusu. Mpelekeni Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, na majibu ya patholojia mkononi.

*Je, anaweza kutuambukiza? (Huyo huyo)*

Hapana. Kuleni naye, mfulieni nguo, mkalale naye chumba kimoja.