BMW 523i, Benz E250 au Crown Athlete: ipi ya kupandia Kitonga?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi naishi Iringa, na kila baada ya wiki mbili nashuka Dar. Nimeendesha Mark X ya 2.5 kwa miaka sita, sasa nataka kupanda daraja. Nimekwama kati ya BMW 523i (bodi ya F10), Benz E250 (W212) na Crown Athlete 2.5. Zote ni za 2012, zipo yadi na ushuru umeshalipwa. Napenda gari linaloshika barabara na lisilonung'unika likipita malori. Wenzangu wanasema Mjerumani atanifilisi. Wewe unazifungua kila siku, unasemaje?

JIBU: Kaka, umefanya vizuri kutaja njia yako. Mtu anayeshinda kwenye foleni ya Ubungo ningemjibu vingine kabisa. Wewe una Kitonga, ule mlima wa kona kali kwenye njia ya Iringa na Dar, na Kitonga hesabu ya farasi, yaani nguvu ya injini, inadanganya. Crown ina farasi 215, Benz 204, BMW 184. Kwa karatasi BMW ndiyo ya mwisho. Lakini Wajerumani wote wawili wana turbo, feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. BMW inakupa msukumo wake wote, Nm 270, mshale wa mizunguko ya injini ukiwa kwenye 1,250 tu. Benz inatoa Nm 310 kuanzia 2,000. Crown haina turbo, na Nm 260 zake zinakamilika mshale ukifika 3,800.

Sasa jiweke nyuma ya lori la mbao, mwendo 25, kona imefunguka na mbele ni peupe. Ukikanyaga BMW, inaondoka palepale. Ukikanyaga Crown, inashusha gia, inapiga kelele kwanza, halafu ndiyo inakwenda. Itapita, lakini ile nafasi uliyoiona imeshapungua. Na hilo sikufundishi, unalijua: Mark X yako ya 2.5 na hiyo Crown zina injini moja, 4GR-FSE. Hata Lexus GS 250 iliyotoka 2012 ni hiyohiyo. Ukinunua Crown utapata viti vizuri zaidi na ukimya zaidi, ila ukifungua boneti utamkuta rafiki yako wa miaka sita.

Kwenye kushika barabara, kona za Ruaha Mbuyuni zitakuonyesha tofauti. F10 inakaa chini na bodi hailali sana. Wazee wa BMW wanalalamika kwamba usukani wake wa umeme umekufa ganzi ukilinganisha na E60, bodi iliyotangulia, na mimi nakubaliana nao, lakini wewe unatoka kwenye Mark X, hutalia. Benz ni gari la kufika Dar bila mgongo kuuma. Ukiikimbiza itakwenda, ila haikuombi uikimbize. Kitu kimoja tu kitakuudhi kwenye BMW: wengi wanaziuza zikiwa na matairi ya ranflati, yale yanayotembea hata yakiwa na pancha, ukuta mgumu, na spea tairi hakuna. Kila rasta, yale matuta madogo ya barabarani, utaihesabu. Ukivaa matairi ya kawaida inalainika sana, ila hapo ubebe tairi la akiba kwenye buti au angalau pampu na vifaa vya kuzibia pancha.

Tuje kwenye kufilisika. Wenzako hawajakosea sana, ila wanataja jina la gari badala ya kutaja kinachoharibika. Injini ya 523i ya mwaka huo ni N20, na ugonjwa wake ni cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti ili valvu zifunguke kwa wakati. Cheni inapita kwenye reli za plastiki, na zile za kabla ya mwanzoni mwa 2015 zinakuwa kavu, zinapasuka vipande vipande. Ukishusha sampo, bakuli la oili la chini, ya N20 iliyochoka unavikuta chini, vya rangi ya kahawia, kama maganda ya karanga, vingine vimenasa kwenye chujio la pampu ya oili. Pampu ikikosa oili, injini imekwenda. Dalili yake huwa ni mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mshale.

Benz naye hajapona. Injini yake ni M271, cc 1,796, na cheni yake hurefuka, meno ya kwenye kamshafti yakaliwa. Yeye hapigi mluzi, anakohoa: ukiwasha asubuhi unasikia karakara ya sekunde chache, kisha kimya. Muuzaji atakwambia ni oili haijapanda. Usimsikilize.

Crown nayo haipo peponi. 4GR inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hakuna petroli inayoosha valvu za kuingizia hewa, na masizi yanajaa. Inaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Angalia pia wotapampu: ukiona ukoko mkavu wa rangi ya waridi pembeni yake, kulenti, maji ya kupozea injini, inavuja. Lakini haya mawili fundi mzuri anayamaliza bila kukuuzia kiwanja, na spea zake pale Gerezani, Dar, zimejaa.

Kuna jambo la gia ambalo linawaponza wengi. BMW waliandika kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote. ZF, waliotengeneza hiyo giaboksi ya gia nane, wao wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi namsikiliza aliyeitengeneza. Chujio lake limeungana na sampo ya plastiki, kwa hiyo unabadilisha sampo nzima. Fundi akikwambia atatoa chujio aoshe na petroli, chukua funguo zako.

Na tafuta fundi mwenye kompyuta. Niliwahi kuletewa gari la Kijerumani, aina yake niiache, limekula betri mbili ndani ya muda mfupi. Betri zilikuwa nzima. Hakuna aliyeiambia kompyuta ya gari kwamba betri ni mpya, ikaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Kazi ya dakika kumi.

Ningekuwa wewe ningechukua 523i, lakini siku nitakayoilipia ningekuwa na fedha nyingine pembeni ya cheni, reli zake zote, oili ya gia na wotapampu, ambayo kwenye gari hili ni ya umeme na haiagi ikitaka kufa. Sitaki ikufie katikati ya Kitonga. Kazi hizo zifanywe kabla hujapanda nayo, hata kama haijalia chochote. Kama fedha hiyo haipo, chukua Crown na usione aibu. Benz ningemwachia mtu ambaye hana haraka, na wewe barua yako imejaa haraka.

Lolote utakalochagua, mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike, usikilize ile sekunde ya kwanza kwa sikio lako. Ukifika yadi ukagusa boneti ukakuta ina moto, rudi kesho yake.